Poa Ipi?

Nyinyi vijana wa droni mnanicheka, najua. Mkija kunisalimia nikauliza hali zenu, mkajibu "Poa, bibi," huwa nauliza tena, "Poa ipi?" Hapo mnatazamana. Yule mrefu wenu siku moja alinong'ona, akidhani masikio yangu yamestaafu pamoja na mimi, "Bibi kazeeka huyu, neno moja analiulizia mara mbili." Sikukasirika. Ila nimeona heri niandike, maana kuandika naweza. Kusema mbele ya watu sikuweza tangu nasoma sekondari, na uzee haujanitibu.

Maisha yangu yote ya kazi nimehesabu mikoko ya delta. Mwishoni nilihesabu kwa picha za setilaiti, nimekaa kitini Utete, feni inanipuliza. Katikati nilihesabu kwa boti. Lakini mwanzo kabisa, nimetoka tu kidato cha nne, nilihesabu nikiwa angani, kiti cha nyuma cha ndege ndogo isiyo na mlango, dirisha wala paa. Na kilichonitesa huko juu hakikuwa woga. Kilikuwa baridi.

Mtasema, baridi gani Rufiji hii? Na mama yangu alisema hivyohivyo.

Ndege ilikuwa ya mradi wa mikoko, na watu wa Kibiti waliiita Kereng'ende. Juu ina bawa la kitambaa, chini mabomba ya alumini, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, magurudumu matatu, na injini mgongoni inasukuma pangaboi. Ukitazama katikati ya viatu vyako unaona mashamba ya watu. Kiwanja chake kilikuwa ukanda wa majani uliofyekwa kando ya mikorosho, nje kidogo ya Kibiti. Rubani aliitwa Zuberi, kijana wa Kariakoo, aliyekuwa fundi redio kabla wenye mradi hawajamfundisha kurusha. Yeye mbele anaendesha, miye nyuma natazama chini na kuandika: hapa mikoko imekatwa boriti, hapa wamefyeka wakalima mpunga, hapa bado mizima.

Tuliruka alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na upepo haujaamka. Na tuliruka zaidi miezi ya kipupwe, kwa sababu ndiyo isiyo na mvua. Kwa hiyo kazi yetu ilichagua saa ya baridi kuliko zote, katika miezi ya baridi kuliko yote.

Zuberi alinipa ahadi. "Kipupwe kikiisha, dada Mwaju, unahamia kiti cha mbele. Nakufundisha mwenyewe." Sikumwambia mtu, hata Mama. Nililala na ahadi ile kama mtoto anavyolala na nguo mpya ya Idi. Nilikuwa msichana ambaye akiulizwa jina lake anatazama ukucha wa mguu, lakini ndani yangu nilishakuwa rubani.

Nianze na koti.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imefunguliwa, inashuka Kibiti kwa malori. Wakubwa waliiita kafa ulaya, wakiamini wenye nguo wamekufa huko, ndugu zao wakazifunga robota na kutuletea. Muuzaji wetu gulioni alikuwa Mzee Mbonde. Alikuwa na bahati mbaya: robota lake moja lilikuwa makoti matupu, mazito kama magodoro. Pwani nani anunue? Nilipomwendea alinitazama juu hadi chini.

"Binti, unataka koti hili? Umeposwa na Mzungu?"

"Nataka la kurukia."

"La kurukia nini? Ukuta?"

Nilitaka kukimbia. Lakini alipojua ni miye ninayepanda Kereng'ende alinichagulia kwa makini, akaliingiza mkono wake mwenyewe kulipima. "Nimeuza mengine kama haya kwa wachuuzi wa samaki," akasema. "Wanayafunikia barafu isiyeyuke." Nikamwambia nataka koti la joto, siyo la barafu. "Ndilo hilohilo. Koti halina joto, mwanangu. Linalinda ulicho nacho. Ukiliingia umepoa, litakulinda upoe vizuri."

Nilidhani ni maneno ya mtu anayetaka kumaliza robota.

Nyumbani Mama hakuliruhusu kupita mlangoni. Alilining'iniza uani, akalifukiza ubani tangu alasiri hadi magharibi, huku akisoma alichokijua. "Mwenyewe kafa kwa nini?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Isijekuwa kafa kwa baridi. Hapo weye utakuwa umenunua ugonjwa."

Kesho yake tuko juu ya mto, Zuberi akaanza kunusa. Kofia zetu ngumu ziliunganishwa kwa waya tupate kusemezana, nikasikia, "...da Mwaju, huko nyuma kuna maulidi?"

Sauti ilikatika mwanzo namna hiyo karibu kila mara, na hili mlishike, maana kesi yote ipo hapa. Kile chombo cha sauti kilikuwa kivivu. Kilisubiri kisikie mtu anasema ndipo kiamke, kwa hiyo kipande cha mbele cha neno lako kilikimeza, ila mara mojamoja kiliwahi kuamka na neno likapita zima. "Kiboko" ilifika "boko". "Tushuke" ilifika "shuke". Zuberi, fundi mzima, alikifungua mara nyingi na hakukiweza.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa na ujinga wangu mwenyewe. Nilipoona injini iko nyuma ya kiti changu nilifurahi: nitaota moto njia nzima, kama mtu aliyekaa jikoni. Sikujua joto lote la injini linapeperushwa nyuma, wanaliota ndege wa angani, wewe unabaki na kelele tu. Tena nilikuwa nimevaa kila kitu tangu chini: koti, suruali mbili, kanga tumboni. Halafu nikasaidia kuisukuma ndege kiwanjani. Nikalowa jasho. Tulipopanda juu ya ukungu, upepo ukaingia shingoni, jasho lile likawa maji ya mtungini.

Nilivumilia kwa haya. Tulipofika juu ya matawi ya mto, meno yanagongana, Zuberi akauliza hali.

"Nimepoa," nikasema.

"Poa!" akajibu kwa furaha, akanyanyua dole gumba, akazidi kupanda.

"Nimepoa, kaka!"

"Poa sana!"

Mnaelewa? Chombo kilimeza "nime". Yeye mtoto wa mjini, na neno lile lilikuwa ndiyo kwanza linatua kutoka Dar; kwake poa ni raha mustarehe. Kwetu, mwaka ule, kilichopoa ni uji. Kilichopoa kabisa ni maiti. Nilimlilia mtu baridi na yeye akasikia natamba.

Tuliposhuka sikuweza kujifungua mkanda. Alinifungua yeye, akaona midomo yangu, na nilipomweleza alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena. "Sikia," akasema alipotulia. "Kuanzia leo huko juu baridi haiitwi kupoa. Sema naganda. Kama mafuta ya nazi. Hata likiliwa kichwa, ganda halifanani na kitu." Tukakubaliana. Ila kwa wiki nyingi akawa ananitania kwa neno langu. Akichelewa kuletewa chai, "Dada Mwaju, napoa." Mvua ikimnyeshea, "Napoa miye, napoa," na lafudhi yetu ya Kindengereko anaiiga vibaya mpaka Mama naye anacheka.

Mafuta ya nazi hatukuyataja bure. Nilikuwa na chupa dirishani. Nikiamka nainamisha: yakitiririka, siku nzuri. Yakiwa meupe lakini yanatikisika, vaa kanga ya pili. Yakiwa yameganda kama samli, jiandae. Hakuna kipimo kingine tulichokuwa nacho.

Na mengine tulijifunza kwa kuumia, nayo nawapa, kwa sababu ninyi mnasimama kwenye boti alfajiri mkirusha hizo droni zenu na mnadhani baridi ni ya milima ya Makambako tu. Ukavu kwanza, unene baadaye. Nguo nyembamba kavu inashinda koti lililolowa. Sukuma, beba, hangaika ukiwa na shati, ukimaliza jifute jasho ndipo uvae, na uvae ungali na joto lako. Hapo nilimkumbuka Mzee Mbonde na barafu ya wachuuzi. Gazeti kifuani chini ya shati linazuia upepo kuliko sweta. Mfuko wa nailoni kati ya soksi mbili. Usipande na njaa: wali wa jana uliopashwa na tui ni mkaa tumboni. Lakini chai ya tangawizi kunywa kidogo. Niliwahi kunywa birika, na tulipofika usawa wa Mbwera nikatamani mito yote ya delta ikauke nisiione. Namna ya kumwambia kaka wa watu jambo lile kwenye waya sikuwa nayo. Nilikariri aya zote nilizojaliwa mpaka tukatua.

Mikono ndiyo ilitushinda. Mimi nilivaa soksi mikononi, penseli inateleza. Zuberi alikuwa na glavu nzuri za ngozi, za mradi. Yeye alishika bomba la usukani, lile ambalo ukilivuta pua ya ndege inainama na ukilisukuma inanyanyuka. Hakuna kingine cha kushikia maisha yako huko juu isipokuwa lile bomba.

Asubuhi ninayoijutia, mafuta kwenye chupa yalikuwa magumu. Niliigeuza chupa juu chini, hayakusogea. Kipupwe kilikuwa kinaelekea mwisho. Zilibaki safari chache, kisha kiti cha mbele. Kiwanjani ukungu ulikuwa mzito, kitambaa cha bawa kinadondosha maji. Nilikwisha kudondosha penseli mbili katika safari zilizotangulia, na mkuu wa mradi alikuwa amelalamika kwamba maandishi yangu hayasomeki. Zuberi akavua glavu zake.

"Chukua."

"Na weye?"

"Wewe unaandika. Mimi nashika bomba, bomba halitaki mwandiko. Nipe hizo soksi zako."

"Zimelowa, kaka."

"Basi kaa nazo. Damu ya Kariakoo hii, inachemka yenyewe."

Nilizivaa. Zilikuwa na joto la mikono yake bado. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Tukapita kwenye ukungu, tukatoka juu tumelowa, jua halijawa na nguvu. Chini, mikoko ilikuwa inaanza kuonekana, na mashamba mapya ya mpunga ndani yake kama viraka vya shati. Niliandika vizuri kuliko siku zote. Baada ya muda nikauliza, "Kaka, mikono vipi?"

"...poa."

"Safi," nikasema, nikarudi kwenye karatasi.

Tukaenda tena, mbali, upande wa Mbwera. Kisha bila kuulizwa nikamsikia. "...poa. ...poa."

Na miye, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kutumia neno la kijana wa mjini kwa kuona haya, siku ile moyo wangu ulikuwa mweupe, vidole vyangu vina joto, nikajibu, "Na mimi poa, kaka." Nikajisikia mjanja. Nikacheka peke yangu nyuma ya mgongo wake.

Kitu kilichonishtua kilikuwa viwiko vyake. Tulikuwa tumegeuza kurudi, nikaona hashiki bomba kwa viganja. Amelikumbatia kwa mikono, amelibana na kifua, bawa linalala kushoto na analirudisha kwa bega. Nilimwita. Alijibu kitu, chombo kikakimeza chote. Nilitamani kumvisha glavu, lakini toka kiti cha nyuma mikono yangu haifiki kwenye bomba. Hiyo ni nafasi ya mwanafunzi wa kiti cha mbele, na mimi nilikuwa sijawa.

Kutua kunataka uliachie bomba kidogo kidogo kisha ulisukume mbele kwa wakati wake, ndege inyanyue pua, magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Vidole visivyofunguka havijui kidogo kidogo. Gurudumu la mbele liligonga, tukaruka, tukapinduka kwenye shamba la mihogo nje ya kiwanja.

Nilipoteza jino. Zuberi alivunjika kifundo cha mkono. Wanawake waliokuwa shambani walikuja mbio, na bibi mmoja alipomshika akamwachia, kisha akamshika tena.

"Huyu mbona mikono yake ya maiti, na macho anafumbua?"

"Ni baridi, bibi," nikasema.

"Baridi ya wapi, mjukuu wangu? Jua hilo limetoka."

Alivua kanga yake ya juu akamfunga mikono yote miwili, akaikumbatia tumboni kwake kama mtu anayebeba kuku. Zuberi alikuwa ananitazama. Ningeweza kumuuliza pale pale: kaka, ulisema poa, au ulisema napoa? Mate yalijaa damu, na haya ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote.

Maana mkifikiria, kama alisema "Poa", basi alikuwa ananificha kwa uanaume wake wa Kariakoo, na hayo ni yake. Lakini kama alisema "Napoa", kwa ule utani wetu uliomkaa mdomoni, ulimi umeshakufa ganzi na lile neno la mapatano limempotea, basi mtu aliniomba msaada mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia safi. Nyingine nikajibu na mimi poa. Na mikono yangu imo ndani ya glavu zake.

Mradi ulisimamisha kuruka. Kereng'ende akafunguliwa vipande. Kitambaa cha bawa nilikuja kukiona kimefunika korosho za mtu, huko njia ya Mtawanya. Zuberi alirudi Dar. Kiti cha mbele sikukikalia kamwe, na sikuwahi kukalia kingine cha namna ile. Nilipewa boti, baadaye picha, baadaye barua ya kustaafu. Nimefanya kazi njema, sikatai. Lakini kila kipupwe nikiinamisha chupa ya mafuta naona kama kuna mahali ninachelewa.

Nilipopewa boti na vijana wa kuwaongoza, niliweka sharti moja. Hakuna kuulizana "vipi". Mtu atagusisha dole gumba na kidole cha mwisho, nione kwa macho. Vikikutana, twende. Visipokutana, turudi, hata kama kazi imebaki kidogo, hata kama mwenyewe anaapa. Mdomo una adabu na majivuno, kidole hakina. Wewe Mariamu, kipupwe kilichopita mliponichukua kwenye boti nikawaone mnavyorusha, ulikuwa umelowa mpaka viwiko, umeshika hicho kidude cha kuongozea. Nikakuuliza hali. "Poa, bibi." Nikakwambia nionyeshe vidole. Ulicheka, ukajaribu, dole gumba likasimama njiani linatetemeka, kicheko kikakuishia mwenyewe. Nahodha akageuza boti. Wenzako walinung'unika mpaka ufukweni, na wewe hukunung'unika.

Zuberi amefariki, Mungu amrehemu, hivyo wa kumuuliza hayupo. Nilikuwa nayo nafasi moja. Nilikwenda Dar kikazi nikamkuta ana duka la kutengeneza redio, mvi zimeanza, mcheshi vilevile. Aliniagizia chai, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ningekufundisha, dada Mwaju," akasema. "Ungekuwa rubani mzuri. Una macho ya kutulia."

Nilikuwa nimelibeba swali lile kutoka Kibiti, njia nzima na vumbi lake, nimelipanga maneno. Nikaona mkono wake wa kulia umelala gotini, vidole viwili vimekunjamana.

"Mikono vipi, kaka?" nikauliza.

Aliutazama, akaufungua kadiri ulivyokubali.

"Poa," akasema.

Tukacheka, sote wawili, kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Halafu mteja akaingia na redio yake, Zuberi akasimama. Mimi nikabaki nimeshika kikombe, nasubiri amalize, nimuulize ipi. Alimaliza, na sikumuuliza. Chai ikapoa, nikainywa hivyohivyo.